Upande wa Chini wa Bawa

Mume wangu alitoka nyumbani asubuhi kwenda Njombe kununua mbao za paina, akarudi jioni na ndege. Naanzia hapo kwa sababu nawajua ninyi vijana wangu wa karakana. Nikianza na habari za miti na misumeno mtashika simu zenu, na mimi nataka mnisikilize walau mpaka hiyo chai ipoe.

Msinielewe vibaya, hakuleta kanga wala njiwa. Ilikuwa ndege ya kupanda watu, au tuseme mabawa yake mawili, yamelazwa juu ya lori la Fuso la kuazima na kufungwa kamba za katani kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Lilipopita stendi ya Makambako, nasikia hata wauza viazi vya kukaanga waliacha mafuta yakiungua. Lilipoingia kwetu Lyamkena, nusu ya mtaa ilikuwa nyuma yake. Mimi nilikuwa napiga msasa kabati la watu. Nikamuuliza mbao ziko wapi. Akaniambia nitulie kwanza nitazame. Nikatulia, nikatazama. Kisha nikamuuliza tena mbao ziko wapi.

Ninyi mmemkuta mume wangu Zakayo, Baba Tula, akiwa mzee mpole anayesinzia kwenye benchi la nje, mnadhani ndivyo alivyoumbwa. Zakayo wa miaka ile alikuwa mtu wa kuona kitu leo na kukitaka leo. Kuna mtu alimwonyesha kwenye simu picha ya meza ya ofisi iliyotengenezwa kwa bawa la ndege huko Ulaya, inang'aa kama kioo, mtu amekaa nyuma yake na tai shingoni. Basi. Tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Ndege yenyewe ilikuwa ya misheni moja, ndogo, ya zile ambazo bawa linakaa juu ya paa na abiria wanakaa chini yake. Zamani ilibeba dawa na wagonjwa kutoka sehemu ambazo gari halifiki wakati wa mvua. Injini ilipokufa waliiacha pembeni ya uwanja wa Njombe, ikakaa pale hadi nyasi zikaizidi kimo na kuku wa majirani wakataga ndani. Mwisho ikauzwa kama chuma chakavu. Zakayo alipofika, kiwiliwili kilikuwa kimeshapelekwa kuyeyushwa kiwe masufuria, kwa hiyo si ajabu baadhi yenu mmekuzwa kwa ugali uliosongwa kwenye ndege. Yalibaki mabawa, na hela ya mbao ikaishia hapo.

Nilimnunia, sitawaficha. Lakini fundi akinuna mkono hausimami, na mikono yangu ilikuwa imeshaanza kuligusa lile bawa. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyofikiri. Ukiligonga linajibu kama ngoma. Mimi nimekulia kwenye mbao: baba yangu alipasua mbao porini Lupembe kwa msumeno wa watu wawili, na nilijua harufu ya mti kabla sijajua kusoma. Mbao ukiikosea inakuonya, inapasuka kidogo, inalia. Hiki kitu hakikunuka chochote. Nikajua tutaumia.

Tuliumia kweli. Zakayo alianza na grenda, kwa sababu mwanaume akipewa jambo asilolijua huanza na mashine yenye kelele kuliko zote. Msicheke, nimewaona na ninyi. Aluminiamu si chuma. Ukiikata kwa jiwe la grenda inayeyuka, inaganda kwenye jiwe, jiwe linaziba, kisha linaruka. Lile jiwe lilipita juu ya sikio la mume wangu likaenda kutoboa ukuta wa jirani, na jirani akaja kutuuliza kama vita imefika Makambako. Sehemu kubwa ya bawa la kwanza tuliiharibu hivyo. Leo mnanikuta nakata bati la aluminiamu kwa msumeno wa mkono wenye meno madogo, nimeupaka mshumaa, mnanong'ona kwamba bibi amepitwa na wakati. Nong'oneni tu. Masikio yangu yote mawili ni mazima.

Aliyetuokoa ni fundi Kassimu, mzee aliyekuwa akitengeneza mabodi ya mabasi pale karibu na reli. Mabodi ya mabasi ya zamani yalishikwa kwa ribiti tupu, zile pini fupi zenye kichwa zinazobana bati kwa bati, na ndege ni hivyo hivyo, alisema, basi tu lililopewa mabawa. Zakayo alikuwa ameshaanza kuzing'oa ribiti kwa patasi na nyundo, na bati lilikuwa limeraruka kama karatasi ya maandazi. Fundi Kassimu alimnyang'anya patasi yangu, maana ilikuwa yangu, akanirudishia mimi. Akachukua drili, akaweka ncha katikati ya kichwa cha ribiti, akatoboa kichwa tu, akakibinua kwa kucha, kikaanguka chini chenyewe. Alisema ribiti haigombwi, inabembelezwa. Zakayo akajibu kwamba hayo ndiyo anayoambiwa kila siku nyumbani. Kidogo nimsamehe mbao zangu.

Tukapata meza ya kwanza. Tuliiuzia shule moja ya bweni, ofisini kwa mhasibu. Ilikuwa nzuri kwa macho, na hapo ndipo ninapotaka mfungue masikio, kwa sababu mnapenda sana vitu vizuri kwa macho. Ngozi ya bawa ni nyembamba. Ndani kuna mbavu, lakini kati ya ubavu na ubavu hakuna kitu, ni hewa. Sisi tukaikalisha juu ya miguu ya mninga, tukaipiga rangi ya kung'aa, tukajipongeza. Mhasibu kila alipoegemea kiwiko ili atie sahihi, bati lilibonyea likasema *pwaa*, na alipoinua kiwiko likasema *pwaa* tena. Wazazi waliokaa mbele yake walitazama pembeni kwa adabu. Alivumilia muhula mmoja. Kisha akairudisha kwa mkokoteni na kutuomba, kwa sauti ya chini kabisa, tusimwambie mtu sababu.

Kumbe mnatakiwa kujaza ndani. Mnapima nafasi kati ya mbavu, mnakata ubao mkavu ukae humo bila kulazimishwa, mnaugandisha kwenye bati kwa gundi, mnaubana usiku kucha. Ubao wa paina hapo haufai, unavimba na kunywea na ukungu wetu huu. Tafuteni mninga. Na skurubu ya chuma isigusane na aluminiamu uchi kwa uchi. Mkizifunga hivyo, baada ya masika mtaona unga mweupe kama wa muhogo umezunguka kila skurubu, na chini ya ule unga bati linaliwa. Kateni kipande cha tyubu ya baiskeli, wekeni katikati. Mhasibu tulimrekebishia meza yake na nasikia anaegemea mpaka leo bila kujibiwa na mtu.

Nimetangulia mbele na nimerudi nyuma, mnisamehe. Bawa la pili ndilo nililokuwa nataka kuwaambia.

Baada ya meza ya mhasibu, habari zilimfikia Bi Venosa. Mnamjua kwa jina, mmeona malori yake ya mbao yakishuka kwenda Dar. Alizaliwa Makete, akaja Makambako na beseni la matunda ya pichi ya kuuza, na wakati ninaousema alikuwa anajenga ofisi ya ghorofa moja pale barabarani. Sisi mbao zetu nyingi tulizipata kwake, na angetukasirikia tungekaa tunapasua fito. Alikuja karakana, akazunguka bawa lote, akapitisha mkono juu yake. Upande wa juu ulikuwa umepigwa rangi nyeupe na mstari mwekundu uliopinda vizuri kuelekea nchani, rangi bado safi. Alisema anataka meza itakayofanya mteja wa Dar akikaa mbele yake asahau bei aliyokuja nayo. Tukakubaliana. Akatoa cha kutangulizia, tukapeana mikono.

Wiki haikuisha, akaja mgeni. Tulikuwa tunakunywa uji, Zakayo na mimi, tukaona mzee mrefu mkavu amesimama mlangoni, ameshika kofia mkono mmoja na furushi la majani ya migomba mkono mwingine. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi katika baridi ya mwezi wa sita, nikajua ametoka chini ziwani. Nikampa shikamoo na blanketi kwa pamoja. Jina lake Mzee Osmundi, wa Manda. Dereva anayebeba samaki kutoka ziwani kuja Makambako ndiye aliyemwambia kwamba kuna watu Lyamkena wamenunua ile ndege ya misheni.

Furushi lilikuwa la mbasa, samaki wa ziwani, wakavu. Alilikabidhi, akakaa, akamaliza uji wake wote kwanza. Watu wa ziwani hawana haraka. Kisha akamuuliza Zakayo kama ndege imebaki kiasi gani. Zakayo akamwonyesha bawa. Mzee akalitazama, akauliza sehemu nyingine ziko wapi, na mume wangu, ambaye kwa kawaida maneno hayamwishii, akaanza kutazama viatu vyake. Ilibidi niseme mimi kwamba nyingine zimekuwa masufuria.

Mzee Osmundi akatusimulia. Mwaka aliozaliwa binti yake mvua ilikata barabara ya kwenda Ludewa, na mkewe, Bi Skola, alishikwa na uchungu ambao wakunga waliushindwa. Padri akaita kwa simu ya upepo. Ndege ikaja, ikatua kwenye uwanja wa nyasi. Ndani palikuwa na nafasi ya mgonjwa kulala na ya muuguzi kukaa, basi. Wakampandisha mkewe kwa shuka. Yeye akabaki nyasini ameshika kapu la nguo ambalo lilisahaulika. Ndege ikaondoka, ikageuka juu ya maji, ikapita tena juu ya kichwa chake, ikaenda zake milimani. Na baada ya hapo hakusikia lolote. Simu ya upepo iliharibika, barabara ilikuwa imekatika. Alikaa na mashamba yake na watoto wake wakubwa, hajui kama ni mume au ni mjane, mpaka mvua ilipopungua na mtu mmoja akashuka kwa miguu kutoka Ludewa akamwambia mama mzima, na mtoto mzima, wa kike.

Mtoto huyo, Imelda, sasa ni mganga katika zahanati iliyo jirani na kwao. Ana chumba, ana kitanda cha kupimia wagonjwa, lakini meza hana. Anaandikia juu ya boksi la dawa alilolisimamisha kwa ubavu. Mzee alikuwa amekuja kuomba tumtengenezee binti yake meza ya ofisi kutokana na ndege hiyo.

Zakayo akasema ndiyo kabla mzee hajafunga mdomo.

Nikamwita nyuma ya karakana. Nikamkumbusha kwamba bawa lina mwenyewe. Tumeshapeana mikono na Bi Venosa, tumeshapokea cha kutangulizia, na kile kipande chenye upana wa kutosha meza ni kimoja. Akaniuliza kama sikusikia habari ya yule mzee. Nikamwambia nimesikia kila neno, lakini fundi akianza kugawa mali ya mteja kwa kila mwenye habari ya kusikitisha, kesho hana mteja, na keshokutwa yeye ndiye mwenye habari ya kusikitisha. Tulibishana pale mpaka kuku wakahama. Mwisho tukakubaliana kwamba niende nikamwombe Bi Venosa mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye nisiyemwogopa. Nilikuwa namwogopa, ila Zakayo hakujua.

Nilimkuta uwanjani kwake anahesabisha magogo. Nikamsalimia, nikamweleza taratibu, sikuongeza chumvi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akawaambia wapakiaji wapumzike kidogo.

"Mama Tula," alisema, "mama yangu mimi alibebwa kwa machela kutoka kijijini, milima yote ile, mabegani kwa kaka zake. Walipofika barabarani alikuwa ameshakata roho. Hakuna aliyenipa mimi ile machela nifanye meza."

Akawaashiria wapakiaji warudi kwenye magogo.

"Bawa ni langu," akasema. "Nililiagiza. Nalitaka."

Nikamwambia sawa, ni lako. Nikarudi nyumbani kwa miguu, polepole, nikijilaumu kwamba nilikwenda kugusa kidonda cha mtu kwa ajili ya kidonda cha mwingine. Kwa kweli Bi Venosa hakuwa na kosa. Vijana mnapenda hadithi iwe na mtu mbaya. Katika kazi yetu mara nyingi hayupo, kuna watu wawili wazuri na ubao mmoja.

Mzee Osmundi alikuwa amefikia kwa ndugu yake hapo hapo Lyamkena, akisubiri jibu. Sikuwa na uso wa kumpelekea. Nikasema nipike kwanza. Nikafungua lile furushi la mbasa. Mbasa mkavu, kwa asiyemjua, hupasuliwa tangu mgongoni, akafunguliwa kama kitabu, akaanikwa. Nilikuwa nimemshika mmoja mkononi namsuuza, na vidole vyangu vinapita kwenye mfupa wa katikati, upande huu ngozi, upande huu ngozi. Nikamwacha kwenye maji. Nikaenda karakana mikono ikinuka samaki, nikasimama mbele ya bawa.

Bawa lina ngozi mbili. Ya juu na ya chini, na mbavu katikati. Sisi tulikuwa tunalikata kama mkate, tukidhani ni kitu kimoja. Ukizitoa ribiti zote zinazozunguka ukingo na zile zinazoshika mbavu, linafunguka kama yule mbasa, na una bati mbili za upana ule ule. Baba Tula mpaka leo huwaambia watu kwamba wazo lilikuwa lake. Mwacheni. Amekosa mengi ya kujivunia tangu ile siku ya grenda.

Tulimwita fundi Kassimu. Alikuwa na macho mabovu tayari, lakini kidole chake kilijua kichwa cha ribiti kilipo kuliko miwani yangu. Yeye anaonyesha, mimi natoboa, Zakayo anapokea bati lisijipinde kwa uzito wake, maana kipande kikubwa kikiachwa kining'inie kinajikunja, na aluminiamu ikishajikunja haisahau. Ribiti moja ikikataa tunaiacha, tunapita, tunairudia. Ngozi ya juu ilipoinuka tukaona ndani: mbavu zimepangwa moja moja na matundu ya duara ya kupunguza uzito, safi, kama mtu alizikata jana. Zakayo na mimi tukainama kutazama. Fundi Kassimu akauliza tumeona nini. Zakayo akamshika mkono, akamwongoza, akazipapasa.

Tukazilaza bati mbili juu ya vibao, uso juu. Nikampelekea ujumbe Bi Venosa aje achague, kwa kuwa haki ya kuchagua ilikuwa yake. Nikamwambia na Mzee Osmundi aje.

Bi Venosa alikuja na gari, akashuka, akanikazia macho. Nikamweleza. Akazunguka bati zote mbili kama alivyozunguka bawa siku ile. Ya juu ilikuwa na mstari wake mwekundu na rangi yake safi. Ya chini ilikuwa imefifia, ina michirizi ya mafuta yaliyokauka, ina mikwaruzo ya vijiwe, na kando yake imebaki nusu ya herufi moja nyeusi, nusu nyingine ilikwenda na msumeno. Asiyejua kitu angechagua akiwa amefumba macho.

Alimtazama mzee aliyesimama karibu na mlango na blanketi langu mabegani.

"Mzee wangu, chagua wewe," akasema.

Mzee Osmundi akamshukuru, akaenda moja kwa moja kwenye bati lile chafu, akaweka kiganja chake juu yake. Bi Venosa akadhani ni adabu. Akamwambia asimwonee haya, achukue hiyo yenye rangi nzuri, yeye hana shida, ofisi yake ina mapambo mengi. Mzee akatikisa kichwa. Bi Venosa akaanza kulazimisha, maana hajazoea kukataliwa hata anapotoa. Ikawa ni mnada wa kinyume, kila mmoja anamsukumia mwenzake kilicho kizuri. Mwisho mzee akasema kwa upole, "Hiyo ya juu mimi siijui, mama. Siku ile nilikuwa chini. Niliyokuwa naitazama ni hii."

Bi Venosa alitoka nje akakaa kwenye gari lake na mlango wazi. Zakayo akataka kumfuata, nikamshika shati. Baadaye akarudi, sauti yake ya kawaida, akaniuliza mbao gani nitajazia ile meza ya mzee. Nikasema nitatafuta mninga. Akasema nisitafute. Jioni lori lake likatushushia mninga mkavu wa meza zote mbili na akamwambia dereva kwamba likitoka kwenda Ludewa litupitie.

Meza yake iko ofisini kwake, mnaweza kwenda kuiona mkijipangusa miguu. Iliyokwenda Manda niliisindikiza mwenyewe na Zakayo, tumekaa juu ya magunia ya viazi. Kutoka Ludewa barabara inashuka, inashuka, na kila kona unavua nguo moja, sweta, kitenge cha juu, skafu, hadi unafika ziwani umebaki na gauni na aibu yako. Miguu ya meza tulikuwa tumeifunga na bati kwa washa za mpira, vile vipande vya tyubu, kila mahali, maana kama ukungu wa Njombe unakula bati, unyevu wa ziwani utakula na fundi.

Imelda alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwepesi wa kucheka. Hatukumwambia chochote kwanza, baba yake alikuwa ameomba hivyo. Tuliingiza meza, tukaondoa lile boksi la dawa, tukaikalisha dirishani. Nikaegemea kiwiko kwa nguvu zangu zote. Kimya. Zakayo akanikonyeza. Imelda akakaa, akafungua daftari la wagonjwa, akalipapasa bati kuzunguka ile nusu ya herufi, akamuuliza baba yake hii ni nini. Mzee Osmundi akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache sana, na kwa lugha yao, sikuelewa yote. Niliona tu kalamu ya Imelda imesimama hewani.

Wakati huo Bi Skola alikuwa ameingia, mama mnene mwenye fimbo, amechelewa kwa sababu ya magoti. Wagonjwa kwenye benchi wakampisha. Akaisogelea meza, akainama, akaanza kuitazama kwa karibu kama anayechagua mchele. Kidole chake kikafika kwenye kiraka kidogo cha bati, cha mraba, chenye ribiti zake pembeni, ambacho mafundi wa ndege walikiweka miaka hiyo ya nyuma na sisi tukakiacha.

"Kumbe lilikuwa na kiraka huku chini," akasema. "Ningejua, nisingepanda."

Mzee Osmundi alikuwa anatazama nje, ziwani.

"Nilikiona," akasema. "Nikanyamaza."

Bi Skola akamgeukia mumewe. Kisha akavuta kiti cha mgonjwa, akakaa mbele ya meza, akamwambia Imelda aandike kwamba magoti yanamsumbua.